Leseni ya Mama Mkwe

Wazazi wake walimpa jina, tena jina zuri tu, lakini ukilitaja mtaani kwao utaulizwa unamtafuta nani. Sema Klachi uone. Hata mtoto aliyeanza kusimama juzi atakunyooshea kidole. Jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho: zaidi ya miaka kumi kwenye kiti cha abiria cha gari la shule ya udereva, akipiga kelele neno hilo hilo kutwa nzima. "Klachi! Wewe dada, klachi! Kwani mguu umeuacha nyumbani?" Ilikuwa sauti ya kumwamsha aliyezimia. Waliopita mikononi mwake wanasema honi ya lori haiwashtui tena, wanaiona kama mbu.

Kimo kifupi, maneno marefu, ndiye Klachi huyo. Gari alilofundishia lilikuwa dogo, jeupe pale ambapo rangi ilikuwa bado ipo, na herufi L nyekundu kwenye paji la uso. Mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa waya. Gia ya pili iliingia kwa kubembelezwa, ya tatu kwa kutukanwa. Mwenye shule aliahidi kulitengeneza kila mwaka, na Klachi alimwamini kila mwaka, maana ndivyo ajira zinavyodumu.

Sasa huyo mwenye shule siku moja alialikwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Akaona uvivu, akamtuma Klachi amwakilishe. Klachi akavaa suti yake ya harusi, akaketi safu ya mbele, akatikisa kichwa kwa kila jambo lililosemwa, hasa lile asilolielewa. Mtoa mada, kijana wa miwani mwenye viatu vilivyochongoka, akatoa msemo wa Waingereza. Waingereza, alisema, mtu akianzisha jambo na likamkorofisha mwanzoni, hawakimbilii kusema limeharibika. Wanasema hayo ni maumivu ya kuota meno. Mtoto akiota meno si analia, si anawanyima watu usingizi? Lakini ni nani aliyewahi kumtupa mtoto kwa sababu ya meno? Yakishatoka, nyumba inatulia. Na biashara mpya ni hivyo hivyo.

Ukumbi ukapiga makofi. Kijana akaendelea kueleza kwamba msemo huo una mipaka yake: jambo lenyewe sharti liwe jipya, taabu yenyewe iwe ndogo, tena iwe ya kupita. Duka linaloyumba tangu enzi za babu yako, alisema, haliwezi kuambiwa linaota meno. Hapo ndipo palikuwa na nyama ya somo. Kwa bahati mbaya, wakati huo huo mlango wa nyuma ulifunguliwa, vifuniko vya vyombo vikaanza kuinuliwa, na Klachi alikuwa ameshasimama na sahani. Alirudi nyumbani na mkoba wa semina, kalamu, na nusu ya msemo.

Nusu hiyo aliitumia kama mtu aliyenunua redio mpya: asubuhi, mchana, jioni, na majirani wasikie. Mwanafunzi akizima gari katikati ya njia panda, Klachi alipiga kelele kwanza, kwa mazoea, halafu akapaka msemo juu yake kama siagi. "Usijali, haya ni maumivu ya kuota meno." Gari likikataa kuwaka, meno. Wanafunzi wake wakienda kwenye mtihani wakarudi vichwa chini wote, meno. Bati la chumbani kwake lilivuja tangu enzi za mpangaji aliyemtangulia. Nalo, kumbe, lilikuwa linaota.

"Mwalimu," mkewe alimwambia, maana alikuwa msusi, na wasusi hawapitwi na neno. "Hili bati tumelikuta lina ndevu. Linaotaje meno?"

"Wewe hukwenda semina," Klachi alimjibu, akasogeza ndoo pale matone yalipokuwa yakidondoka.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo kama si mama yake huyo msusi.

Mama mkwe wa Klachi alikuwa mfuga kuku katika mji wa mbali kidogo, mwendo wa kutwa nzima kwa basi linalosimama kwenye kila mti. Mayai yake yalilisha maduka yote ya huko. Alikuwa na pikapu yake mwenyewe, ila dereva ndiye aliyemshinda. Wa kwanza alifikisha mayai yakiwa tayari yamekorogwa. Wa pili alifikisha nusu ya mayai na hadithi nzima. Mama akachoka. Akasema ataendesha mwenyewe, na wajukuu wake wakubwa walipocheka, aliwatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikakauka.

Na kwa nini ahangaike kutafuta mwalimu? Siku Klachi alipokwenda kuposa, alijipiga kifua mbele ya ukoo mzima: "Mtu akikaa na mimi wiki mbili tu, hata ndege ataendesha!" Wengine walicheka wakasahau. Mama hakucheka, wala hakusahau.

Alishuka na sanduku kubwa, akalisimamisha katikati ya sebule.

"Nimekuja kwa zile wiki mbili," alisema. "Na sirudi bila leseni. Majirani nimeshawaaga, nimewaambia wakiniona tena nitakuwa dereva. Nikirudi mikono mitupu, nitaficha wapi uso wangu?"

"Karibu sana, Mama," Klachi alisema kwa furaha, kwa sababu bado hakuwa amepiga hesabu za vitanda.

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Mama alilala chumbani na binti yake. Klachi alihamia kwenye sofa la watu wawili, ambalo watu wawili wenyewe wangepaswa kuwa wembamba, lenye ubao katikati uliojua mahali hasa pa kumchoma mtu. Akikunja miguu, magoti yananing'inia. Akiinyoosha, inalala juu ya stuli. Kila asubuhi aliamka na umbo la herufi S na kushika kiuno mpaka saa nne. Hakuna leseni, hakuna kitanda. Jambo lilikuwa wazi kama mchana, na Klachi hakuwa na haja ya semina kulielewa.

Hapo likazuka tatizo ambalo katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kukutana nalo. Huyu mtu alijua kufundisha kwa kelele tu, na mkwe hapigiwi kelele. Mkwe haamrishwi. Tena mkwe, kwa mtu aliyelelewa akaleleka, miguu yake hata haitajwi. Na udereva, ukiutazama vizuri, wote uko miguuni.

"Mama, samahani," alianza siku ya kwanza, sauti laini kama ya mgonjwa anayeomba maji. "Kama utaona inafaa, ule mguu... yaani ile... ya upande wa kushoto..."

"Mguu wangu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu, Mama. Ndiyo shida yenyewe. Tungeomba, kama hutajali, ukanyage ile..."

Gari lilikuwa limekwisha kupanda ukingo wa barabara na kupigana busu na pipa la taka.

Mama naye adabu zake zilimponza. Hakuwa mtu wa kuzungumza na mwenzake bila kumtazama usoni. Klachi akisema "Mama," Mama anageuka kiungwana, mwili mzima: "Naam, mwanangu?" Na usukani unageuka pamoja naye. Kila heshima moja iliyotamkwa ndani ya gari lile iliwagharimu watu wa pale mtaani kipande cha uzio.

"Pole sana, Mama," Klachi alisema wakiitoa bampa kwenye michongoma. "Haya ni maumivu ya kuota meno."

"Meno ya nani?"

Klachi akamweleza msemo, ile nusu aliyokuwa nayo. Mama alisikiliza huku akichomoa jani kwenye kilemba.

"Nimelea watoto sita," alisema. "Meno nayajua. Yanaota, halafu yanamaliza. Haya, tutaona."

Mtihani wa kwanza alifelia mlimani. Gari lilitakiwa lisimame kwenye mwinuko kisha liondoke bila kurudi nyuma. Lilirudi nyuma mpaka mkaguzi akainua kiti chake na kuhama nacho. Klachi akasema ni meno. Mtihani wa pili mlima ulipandwa vizuri, lakini kuegesha gari kwa kurudi nyuma kukashindikana. Klachi akasema tena ni meno. Jioni hiyo Mama aliweka kijiko chini, akamtazama.

"Hebu niambie, mwanangu. Haya meno ni ya mtoto au ya mamba?"

Mkewe akacheka mpaka akapaliwa. Klachi akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda kupanga mito kwenye sofa.

Ili uelewe kilichotokea mtihani wa tatu, sharti nikutobolee siri ya ufundi wa Klachi. Mtihani ulifanyikia kwenye uwanja wa ofisi ya wakaguzi, na jioni shule ziliruhusiwa kufanyia mazoezi pale pale. Kando ya ukuta wa uwanja, chini ya mwavuli, aliketi fundi viatu mwenye upara uliong'aa kama sahani iliyooshwa. Kutwa yuko pale. Basi Klachi, badala ya kumfundisha mtu kupima nafasi na kusoma vioo, alikuwa amegundua njia ya mkato, tena alijivunia kuigundua: "Rudi nyuma taratibu. Ukiona upara wa fundi viatu umeingia katikati ya kioo cha pembeni, kata usukani wote. Ukitoka kwenye kioo, nyoosha." Na gari liliingia mahali pake kama mguu kwenye soksi. Siku fundi yupo na ameketi vizuri, wanafunzi wa Klachi walifaulu wakabebwa juu juu. Siku fundi ameenda kula, au ameinama kuokota msumari, walifeli kwa mkumbo, na Klachi akawapa pole za meno. Kwamba kufaulu kwao kulitegemea ratiba ya fundi viatu, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Asubuhi ya mtihani wa tatu kulikuwa na kibaridi. Mama alipanda mlima, akashuka, akazunguka mapipa, akawasha taa za kukata kona hadi pasipo na kona. Mkaguzi, bwana mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameanza kutabasamu. Ikabaki kuegesha. Mama akaingiza gia ya kurudi nyuma, akakaza macho kwenye kioo, akarudi. Akarudi. Akasimama. Akashusha kioo cha dirisha na kutoa kichwa nje.

"Fundi! Vua kofia!"

Fundi viatu alikuwa amevaa kofia ya sufu mpaka masikioni. Akadhani amemkosea mama wa watu heshima. Akaivua haraka, akasimama wima.

"Sasa unasimama unakwenda wapi? Kaa, baba! Kaa kama unavyokaaga!"

Mkaguzi akasogea dirishani. "Mama, unazungumza na nani?"

"Na alama yangu."

"Alama gani?"

"Si upara wa huyu! Mwalimu amenifundisha nikate usukani upara ukifika katikati ya kioo. Sasa ameuvika sufu, mimi nitajuaje?"

Kwenye foleni ya wanafunzi, kijana mmoja alinong'ona kwa uchungu, "Kumbe! Na mimi juzi alikuwa anaokota msumari!" Mwingine akasema yeye mwezi uliopita fundi hakufika kabisa, alikuwa na harusi ya binamu. Manung'uniko yakapita foleni nzima. Mkaguzi akageuka polepole, akamtafuta Klachi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya dada mmoja mnene na hakuwa amejificha vya kutosha.

"Wewe, hebu njoo. Unafundisha watu kuegesha gari kwa kichwa cha binadamu?"

"Afande, unajua kila kitu mwanzoni kina maumivu ya kuota..."

"Umeanza kufundisha lini?"

Klachi akataja mwaka. Mkaguzi akahesabu kwa vidole, vikamwishia. Alipuliza filimbi, akamwambia Mama amefeli, aje tena, na mwalimu wake akija na mbinu ile ile atafukuzwa uwanjani yeye, gari lake na fundi viatu wake.

Njiani kurudi nyumbani Mama alikazana kuhesabu nguzo za umeme. Klachi alikuwa anasubiri kutukanwa na akaona heri angetukanwa. Walipofika, Mama aliketi juu ya sofa, juu ya kitanda cha Klachi, akamwita binti yake naye aje asikie.

"Leo nimekaa kwenye foleni na wenzangu," alianza. "Wananiuliza, Mama, wewe huyu mwalimu anakupigiaga kelele? Nikawaambia hapana, mimi ananiomba. Wakanipa pole! Mtoto wa watu akanishika mkono ananiambia, basi Mama, wewe hujafundishwa bado." Akamgeukia Klachi. "Wote waliofokewa, mlima wanaupanda, gia wanaijua. Mimi umeniheshimu, nimefeli mara tatu. Kesho sitaki mkwe kwenye lile gari. Nataka Klachi."

"Mama, mimi siwezi..."

"Utaweza," mkewe akadakia. "Mfokee mama yangu. Usipomfokea, hilo sofa ni lako la maisha, nitakushonea hata foronya."

Lakini kabla ya kesho kulikuwa na jambo lingine, na hili Klachi hakumwambia mtu. Bila upara wa fundi, yeye mwenyewe alikuwa hajui kufundisha kuegesha. Alipokuwa anajifunza yeye, alifundishwa kwa mti, na mti ulishakatwa. Basi jioni ile alikwenda na gari uwanjani peke yake, fundi viatu ameshafunga mwavuli wake, akapanga mawe manne kama pembe za nafasi ya kuegesha na kuanza kurudi nyuma akisoma vioo. Akapanda jiwe la kwanza. Akapanda la pili. Akashuka, akayapanga upya, akajifokea kwa sauti: "Kioo! Wewe mzee, kioo!" Hapo, kwa mara ya kwanza tangu semina, ule msemo wa Waingereza ungekaa mahali pake: njia ilikuwa mpya, taabu ilikuwa ndogo, na ilikwisha kabla jua halijazama. Na hapo ndipo hakuutaja. Hakuwa na nafasi, alikuwa anafanya kazi.

Kesho yake Mama aliketi kwenye usukani, akafunga mkanda, akawasha gari, akasubiri.

"Klachi," Klachi alisema, kama anayetaja jina la marehemu.

"Sijasikia."

"Klachi, Mama."

"Hakuna mama humu ndani. Tena hilo neno lenyewe umelinong'ona kama unaniuzia kitu cha wizi. Ndiyo sauti gani hiyo? Mtu mzima unabanwa na nini?" Na Mama, huku bado anamtazama usoni kwa adabu zake zote, akavuta gia bila kukanyaga chochote. Gari likalia kama linachinjwa, likaruka, likaelekea moja kwa moja kwenye mkokoteni uliojaa nyanya, na mwenye nyanya akakumbatia mzigo wake akafumba macho.

"KLACHI!" Sauti ikatoka yenyewe, yote, na malimbikizo yake. "KLACHI, WEWE MAMA! MGUU UMEUACHA KWENYE BANDA LA KUKU? TAZAMA MBELE! MIMI NI BARABARA?"

Mguu ukakanyaga. Gari likasimama pua ikinusa nyanya. Msusi mmoja alitoka nje na chanuo mkononi, na ndiye yule yule aliyekuwa binti wa mwenye kufokewa. Klachi akafunika uso kwa viganja. Alikuwa anafikiria kijiji gani cha mbali kinahitaji mwalimu wa udereva.

"Hapo sawa," Mama alisema, akipangusa usukani kwa kona ya kanga. "Halafu?"

"Halafu... rivasi, Mama."

"Nani?"

"RIVASI! Na kioo! Usiniangalie mimi!"

"Ahaa. Sasa tunasomeshwa."

Walikaa hivyo siku kadhaa, watu wakileta vigoda kusikiliza. Siku ya mtihani wa nne mkaguzi, kwa makusudi, alimhamisha fundi viatu na mwavuli wake hadi upande wa pili wa uwanja, akampa na kazi ya kushona viatu vyake mwenyewe ili asiinue kichwa. Mama hakumtazama hata mara moja. Alisoma kioo cha kulia, akasoma cha kushoto, akakata usukani, akanyoosha. Gari likaingia kati ya mapipa bila kuyagusa. Mkaguzi alizunguka gari, akainama kupima, akazunguka tena. Akaweka saini.

Foleni ilipiga vigelegele. Klachi alitoa machozi, na watu wakasema jamani mwalimu ana moyo, anavyowapenda wanafunzi wake. Hakuwakatalia.

Mama aliondoka kesho yake kwa basi kuifuata pikapu yake, leseni ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba ndani ya kwapa. Usiku huo Klachi alilala kitandani amejinyoosha kama msalaba, na mkewe aliposema "sogea", alisogea kidogo kwa uchoyo.

Wiki haijaisha, Jumamosi asubuhi, honi ikalia mlangoni. Klachi alitoka na mswaki mdomoni. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwa kurudi nyuma, sambamba na ukuta, huwezi kupitisha kisu. Juu kuna trei za mayai, hakuna hata moja lililopasuka. Mama akashuka akiwa na miwani ya jua.

"Kumbe kwenu ni karibu hivi!" alisema. "Basi ndilo lililokuwa linanichosha, ndiyo maana nilikuwa nakuja kwa mwaka mara moja. Sasa mtaniona kila Jumamosi."

Mlango wa pili wa pikapu ukafunguka. Akashuka mama mwingine, mkubwa zaidi, mpole wa uso, na sanduku mkononi.

"Huyu ni dada yangu, mama yenu mkubwa," Mama alisema. "Nimemsimulia, na yeye anaitaka leseni. Nimemwambia wiki mbili tu. Ila mwanangu, yeye moyo wake ni mwepesi tangu utoto. Huyu usimfokee hata kidogo."

Klachi alimeza dawa ya meno yote iliyokuwa mdomoni. Akalipokea sanduku kwa mikono miwili, akaliingiza chumbani, na alipotoka alimkuta mkewe ameshaanza kupanga mito.